Mnyaa mwekundu upandwe wapi? Litafute jua la Julai

Swali: Habari ya kazi, mtaalamu. Mwaka jana nilinunua mnyaa mwekundu kwenye kitalu cha kando ya Ngong Road. Siku hiyo ulikuwa unawaka kama makaa, ncha zote nyekundu na za rangi ya machungwa. Niliuweka sebuleni karibu na dirisha, na baada ya miezi minne ukageuka kijani kitupu, vijiti vimerefuka na kulegea. Sasa tumehamia kwetu mtaa wa Utawala, hapa Nairobi, nyumba ya ghorofa moja, geti linatazama magharibi, na udongo ni ule mweusi wa kunata. Nina nafasi nne. Ya kwanza ni chini ya dirisha la jikoni, upande wa kusini, karibu na mfereji (bomba la maji). Ya pili ni nyuma kwenye tangi, ambako jirani amejenga fleti ya ghorofa nne. Ya tatu ni mbele kando ya ukuta wa ploti, ambapo toka nyumba hadi ukuta ni mita 8. Ya nne ni balkoni ya juu inayotazama kaskazini. Nina watoto wawili, wa miaka 7 na 3. Jirani ananiambia mti huu hupofusha watu, niutupe. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, asante kwa kunipimia ploti kabla ya kuuliza. Wengi huniuliza bila hata kujua geti lao linatazama wapi. Jibu la moja kwa moja ni hili: mahali pa mmea wa aina hii ni mbele ya nyumba, kama mita 3 kutoka ukuta wa ploti, juu ya tuta lililoinuliwa. Si chini ya ukuta wenyewe, si jikoni, si kwenye tangi. Ila nina sharti moja linalomhusu mtoto wako mdogo, na kwangu sharti hilo ni zito kuliko rangi yoyote. Nitalifikia, usiliruke.

Mnyaa ni mti wa kwetu. Wengine huuita mtupa, Wakikuyu kariaria, Wajaluo ojuok, Wakamba ndau. Ukipita Machakos na Kitui utaona maboma yamezungushiwa ua wake, na hata jina la Ziwa Manyara kule Tanzania hunasibishwa na neno la Kimaasai la mti huu, emanyara. Kitaalamu ni Euphorbia tirucalli, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753. Ule wa ua huwa kijani mwaka mzima na hufika mita 7 au zaidi. Wako ni ndugu yake aliyechaguliwa kwa ajili ya rangi: ana kijani kidogo mwilini, hukua polepole, na kwenye bustani nyingi huishia urefu wa mtu mzima au zaidi kidogo.

Hapo kwenye kijani ndipo penye siri yote. Kijani ndicho jiko la mmea. Mnyaa hauna majani ya maana. Vile vijani vidogo unavyoviona nchani hupukutika mapema, na kazi ya kupika chakula hufanywa na vijiti vyenyewe. Ukiuweka sebuleni, ambako kwa macho yetu kuna mwanga lakini kwa mmea ni kama jioni inayoanza, unaongeza jiko: unajaza kijani kila mahali na kurefusha vijiti kutafuta dirisha. Ukiuweka kwenye jua kali, mwanga unazidi mahitaji yake, nao hujifunika rangi ya njano na nyekundu kama mtu anayejitanda leso kichwani. Baridi ya usiku huikoleza rangi hiyo. Kwa hiyo mmea wako haukuugua, dada. Ulikuwa na njaa ya mwanga, na kijani ulichokiona ni jinsi ulivyojiokoa.

Sasa tuliangalie jua lenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea, na mimi nilipotea pia.

Tumezoea kusema tuko Ikweta, jua liko utosini mwaka mzima. Nairobi iko kusini ya Ikweta kwa digrii moja na kidogo tu, ni kweli, lakini jua hutupita utosini mara mbili tu kwa mwaka: wiki ya tatu ya Machi na wiki ya mwisho ya Septemba. Katikati ya tarehe hizo, yaani Aprili hadi Septemba, jua hupita kaskazini yetu. Mwishoni mwa Juni, saa sita na nusu mchana, ambao ndio mchana wetu halisi hapa Nairobi, jua huwa limeegemea kaskazini kwa karibu digrii 25. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Machi hupita kusini, na Desemba huegemea huko kwa digrii 22 hivi. Maana yake, ukuta wowote unaotazama kusini una nusu mwaka wa jua na nusu mwaka wa kivuli. Unaotazama kaskazini ni vivyo hivyo, ila miezi imebadilishana.

Miaka ya nyuma nilimpandia mteja mmoja wa Lang'ata minyaa kumi na miwili chini ya ukuta wa mawe, upande wa kusini wa ukuta huo. Ilikuwa Januari. Nilisimama pale saa saba mchana, jasho linanitiririka, nikajiambia hakuna mahali penye jua kama hapa. Nilirudi Juni kupogoa ua mwingine nikakuta kivuli cha ukuta kimelala pale chini kama mkeka ulionyooshwa, upana wake umezidi mita moja, na minyaa yote kumi na miwili imo ndani ya mkeka huo. Nje ya kivuli, hatua moja tu, nyasi zilikuwa zinameremeta. Kufikia Agosti yote ilikuwa kijani, miwili imeoza kwenye shina. Niliing'oa na kuihamisha kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo sichagui mahali kwa kutazama jua la Januari.

Unaweza kulipima jambo hili bila kungoja Juni. Ukuta wa futi 8, yaani mita 2.4, uliosimama kutoka mashariki hadi magharibi, hutupa kivuli cha mita 1.1 upande wake wa kusini mchana wa Juni. Saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri kivuli hicho hufika mita 1.5 hivi. Ukikaa mita 2 kutoka ukuta huo uko salama muda mwingi wa siku. Ukikaa nusu mita, umejizika mwenyewe.

Tena kuna wingu. Kila aliyekaa Nairobi anaijua Julai yetu: unaamka anga limefunikwa rangi ya jivu, watu wamevaa makoti, na mara nyingi jua halionekani mpaka saa saba au saa nane. Asubuhi za Julai hupita bila mmea kuonja miale. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaosomwa sana kwenye vitabu vya nje kwamba sakulenti, yaani mimea inayohifadhi maji mwilini, zipewe jua la asubuhi na kukingwa na la alasiri. Ushauri huo umeandikwa kwa nchi ambazo alasiri ya kiangazi hufika digrii 40. Hapa kwetu alasiri ya Februari hucheza kwenye 26 hadi 28, na siku kali ikafika 30. Kwa Nairobi, mmea unaotaka rangi ya moto upewe alasiri yote, kwa sababu katika miezi mitatu ya baridi hilo ndilo jua pekee utakalolipata. Na miezi hiyo hiyo ndiyo yenye usiku wa digrii 11 na 12, baridi inayokoleza wekundu vizuri. Ukiupatia mmea jua dogo la Julai, utaona rangi ambayo Januari yenyewe haitoi.

Kwa hiyo nikizipitia nafasi zako nne, ninauliza kila moja: Julai utampa mmea nini?

Jikoni, upande wa kusini, jibu ni kivuli cha nyumba nzima. Nyumba ya ghorofa moja ina kimo cha mita 6 hivi hadi paani. Kivuli chake mchana wa Juni hufika karibu mita 3. Na hata Desemba jua likirudi upande huo, pana mfereji na pana kamba ya nguo. Maji ya kuoshea vyombo yatamwagwa pale, nimeona kila nyumba ikifanya hivyo, na shuka zitapepea juu ya vijiti vinavyotoa utomvu. Hapo panafaa dania na sukuma wiki.

Kwenye tangi hatuhitaji maneno mengi. Fleti ya jirani inakula asubuhi yote, nyumba yako inakula jioni, na tangi likifurika siku moja mizizi imekwisha.

Balkoni ni suala lenye utamu zaidi. Inatazama kaskazini, kwa hiyo kuanzia Aprili hadi Septemba jua huingia. Mchana wa Juni, kama zege la juu liko mita 2.7 kutoka sakafuni, jua hupenya mita 1.2 hivi ndani kutoka ukingo wa zege hilo. Chungu kikikaa kwenye kizuizi cha chuma, na si cha ukuta uliojaa, kitaliona. Kikisogezwa ukutani karibu na mlango hakitaliona hata kidogo, ingawa ni hatua mbili tu. Oktoba jua likivuka kwenda kusini, balkoni yote hubaki na mwanga wa kuakisi tu hadi Machi, na wekundu utafifia. Basi balkoni ni nafasi ya nusu mwaka. Usiitupe lakini, tutaihitaji.

Sasa mbele. Hapa una mita 8, nyumba yenye kimo cha mita 6 upande wa mashariki na ukuta wa futi 8 upande wa magharibi. Ukipanda chini ya ukuta kama ulivyokuwa umefikiria, saa nane mchana jua linaanza kujificha nyuma ya mawe, na alasiri, ile ile tunayoitafuta, imepotea. Ukitoka mita 2 kutoka ukuta, mmea wa nusu mita unapata jua toka kama saa tatu na nusu asubuhi, linapochomoza juu ya paa lako, hadi saa tisa na nusu. Hizo ni saa sita, na saa sita ndicho kiasi ambacho mimi hukitaka kwa mmea wa rangi. Ukitoka mita 3, asubuhi unapoteza dakika kama ishirini, lakini alasiri unaongezewa karibu robo tatu ya saa, hadi kama saa kumi na robo. Mita moja tu! Na kwa sababu ya wingu la Julai, dakika za alasiri zina thamani kuliko za asubuhi. Ndiyo maana nimesema mita 3 na si 2. Ukienda mita 5 unaanza kuikaribia nyumba, asubuhi inakatika zaidi, na gari litakosa pa kugeukia.

Usiniamini kwa hesabu tu. Kata vijiti vitatu vya urefu wa nusu mita, vichomeke mita 1, 2 na 3 kutoka ukutani, na siku isiyo na mawingu uvitazame kila saa moja. Andika kijiti kipi kina jua nchani na kipi hakina. Huenda kuna kitu hujanitajia: mti wa mugumo wa jirani wa ng'ambo, bango, nguzo ya stima yenye transfoma. Vijiti vitakwambia.

Udongo ndio wa pili, na Utawala hauna huruma katika jambo hili. Huo udongo mweusi hufura ukilowa na kupasuka ukikauka; mkono wako unaweza kuingia kwenye nyufa zake mwezi wa Februari. Ukilowa masika, hukaa na maji kwa wiki nzima. Mnyaa hauvumilii hilo; shina huanza kuwa jeusi na laini pale linapogusa ardhi, na ukiliona hivyo ujue mizizi imeshaoza zamani.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni hili: mtu anachimba shimo la futi mbili katika udongo mweusi, analijaza mchanga na kokoto, anapanda, anafurahi. Mvua ya kwanza ya Aprili ikinyesha, maji yote ya eneo lile hutiririkia kwenye lile shimo kwa sababu ndimo yanamopita kwa urahisi, na chini hayana pa kutokea. Amejenga beseni. Mmea umeketi ndani ya beseni la maji lenye mchanga.

Wewe usichimbe kwenda chini, panda juu. Weka duara la mawe ya ujenzi, upana wa mita 1.5, bila saruji kwenye viungio ili maji yatoke pembeni. Kwatua udongo wa chini kidogo tu kwa jembe. Kisha jaza tuta la sentimita 40: sehemu mbili za udongo mwekundu, sehemu moja ya mchanga mnene wa mto, sehemu moja ya kokoto ndogo zisizozidi ukubwa wa punje ya mahindi. Ukipata pumisi, yale mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa upande wa Naivasha na kutumiwa na mashamba ya maua, weka badala ya kokoto, ni bora zaidi. Udongo mwekundu hupatikana kwa wauza udongo wanaoutoa upande wa Kiambu. Waambie waziwazi kwamba hutaki uliochanganywa na samadi. Samadi ya kuku hasa ni adui wa rangi: mmea utashiba, utakua haraka, na utakuwa kijani.

Mimina ndoo moja ya maji katikati ya tuta kabla ya kupanda. Yakizama na kuanza kuchuruzika kati ya mawe kwa dakika chache, umefaulu. Yakisimama juu kama dimbwi, ongeza kokoto, usijipe moyo.

Sasa lile sharti.

Jirani yako hakosei kabisa, dada, ingawa ametumia neno kali. Ukivunja kijiti cha mnyaa, utomvu mweupe kama maziwa hutoka papo hapo na hudondoka. Wavuvi wa zamani waliutumia kulewesha samaki. Ukigusa ngozi huwasha na kuiunguza, na ukiingia jichoni huunguza kioo cha jicho; mtu anaweza kukosa kuona vizuri kwa siku kadhaa, na akichelewa kutibiwa madhara yanaweza kudumu. Mimi mwenyewe niliwahi kujifuta jasho la paji la uso kwa mkono wa shati uliokuwa na tone moja lililokauka nusu. Usiku ule sikulala. Nilikaa kitandani na kitambaa chenye maji usoni, machozi yanatoka yenyewe, na mke wangu akihesabu saa mpaka kukapambazuka twende hospitali. Nilipona, lakini tangu siku hiyo sikati mnyaa bila miwani ya fundi, glavu na mikono mirefu. Kuna jambo jingine la kulijua pia: watafiti wameuhusisha mnyaa na saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt, ile iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Utomvu huu huamsha kirusi ambacho kinahusika na ugonjwa huo. Sisemi kwamba mti uliosimama bustanini humpa mtoto saratani. Ninasema kwamba si mti wa mtoto kuchezea, kuvunjavunja vijiti na kujifanyia maziwa ya kupikia.

Na mtoto wa miaka 3 ndivyo anavyocheza. Huyu wa miaka 7 unaweza kumweleza, ukamwonyesha tone jeupe kwa mbali, akaelewa. Mdogo haelewi, na vijiti vyekundu laini vya ukubwa wa penseli vinamwita. Kwa hiyo mimi, kama ningekuwa wewe, nisingepanda mnyaa kwenye lile tuta mwaka huu wala mwaka ujao. Ningeuweka kwenye chungu kizito cha udongo cha upana wa futi moja na nusu, kwenye balkoni, pembeni mwa kizuizi cha chuma, na mlango wa balkoni ungekuwa na komeo juu asipofika mtoto. Utapata rangi Aprili hadi Septemba, utailipia kwa kuikosa miezi mingine, na mmea hautakufa. Mdogo akifika umri wa kaka yake, uushushe.

Tuta la mbele lisikae tupu, na hesabu yote ya jua tuliyofanya inabaki ile ile. Ulizia kwenye vitalu shubiri mwekundu, Aloe dorotheae. Asili yake ni Handeni, Tanzania, na huko porini umebaki kidogo sana, kwa hiyo hakikisha unanunua uliooteshwa kitaluni, si uliong'olewa. Kwenye kivuli ni kijani kama shubiri wowote. Kwenye jua la muda wa saa sita kwa siku na udongo unaokauka upesi hugeuka rangi ya shaba, kisha nyekundu iliyoiva, mng'ao wake kama uliopakwa mafuta. Una miiba midogo ukingoni mwa majani, mtoto atachomwa kidole mara moja na hatarudia, na macho yake yako salama. Usimwache tu aulambe au kuutafuna. Utomvu wake wa njano huharisha.

Ikitokea utomvu wa mnyaa umeingia jichoni mwa yeyote, usisubiri uone kama utapoa. Fungua mfereji, shika kichwa kiinamie upande, na mwagia jicho maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, hata kama mtoto analia, kisha nenda hospitali yenye kitengo cha macho na kijiti cha mmea kwenye mfuko wa plastiki ili daktari aone. Kwenye ngozi tumia sabuni na maji mengi; maji peke yake hayauondoi vizuri.

Limebaki la kuutoa mmea sebuleni. Usiubebe leo na kuuweka juani kesho. Vijiti vilivyolelewa dirishani vina ngozi nyororo, na jua la Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni kali kuliko joto lake linavyokuambia. Vitababuka madoa ya hudhurungi yanayokauka kama gamba, na madoa hayo hayafutiki. Wiki ya kwanza weka chungu mahali panapopata jua la asubuhi kwa muda wa saa moja au mbili tu. Wiki ya pili muda wa saa tatu. Wiki ya tatu nusu siku, na wiki ya nne uuache mahali pake. Msimu mzuri wa kuanza ni mwishoni mwa Mei, masika yakimalizika: anga lenye mawingu la Juni linakusaidia kuuzoesha bila kazi nyingi. Ukianza Januari, ongeza wiki mbili.

Maji usiyaharakishe. Baada ya kuhamisha kwenye chungu, ngoja wiki moja bila kumwagilia, mizizi iliyokatika ikauke kidonda. Baadaye, kiangazi cha Januari na Februari, mwagilia kila baada ya wiki mbili au tatu hadi maji yatoke chini, na kisahani cha chini kiondoe. Mvua zikianza, acha kabisa.

Usivikate vile vijiti vilivyorefuka na kulegea kwa sasa. Rangi itaanza kwenye ncha mpya, fupi na nene, kama wiki sita hadi nane baada ya kuzoea jua, halafu itashuka kidogo kidogo. Ukishaona ncha mpya za rangi ya machungwa juu ya kila tawi, hapo ndipo uvae miwani na glavu, mkubwa akiwa shuleni na mdogo akiwa amelala, ukapunguze vile virefu vya zamani. Funga mabaki kwenye gazeti, uyatie kwenye mfuko, na usiyachome moto. Moshi wake nao huwasha macho.